UZI: Aron Gurevich, Mrusi aliyekwenda kutafuta shamba akamkuta mwenye shamba

Msomaji wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu niliuahidi siku nyingi. Tulipokuwa tunabishana humu kuhusu namna historia inavyofundishwa nilimtaja mwanahistoria mmoja wa Kirusi, na wengi mkaniuliza ni nani. Kesho siendi kazini, kwa hiyo leo nimekaa. Nitaandika kwa mafungu. Mwenye swali aulize hapo hapo, asingoje nimalize.

Jina lake ni Aron Gurevich. Alizaliwa Moscow mwaka 1924 na akafariki mwaka 2006, akiwa na miaka 82. Fani yake ilikuwa Zama za Kati za Ulaya, yaani takriban karne ya 5 hadi ya 15, hasa utamaduni wa watu wa zama hizo: wakati waliuhesabu vipi, mali waliionaje, walijiona wao wenyewe kuwa nani. Nilimjua nikiwa mwanafunzi Moscow miaka ya mwisho ya Umoja wa Kisovieti. Nilikuwa nasomea maji na mabomba, historia haikunihusu kabisa. Mwenzangu wa bweni alikuwa na kitabu chake kilichochakaa hadi jalada limeshonwa kwa uzi mweusi wa viatu. Nilikiazima usiku mmoja, nikakaa nacho majuma mawili na kamusi pembeni.

Kilichonishika ni hiki. Gurevich alianza kama wenzake wote wa rika lake, akihesabu mashamba. Nyaraka zikamgomea. Wengine wakigomewa na nyaraka huzikunja mpaka zitoshee jibu walilokuja nalo. Yeye alibadilisha swali. Uamuzi huo ndio uliompa jina, na ndio huo huo uliomponza kazini.

Fungu la 1

Alihitimu Chuo Kikuu cha Moscow miaka ya 1940. Walimu wake wakubwa walikuwa wawili. Evgeny Kosminsky alikuwa bingwa wa kilimo cha Uingereza ya karne ya 13. Alexander Neusykhin alizichambua sheria za kale za makabila ya Kijerumani neno kwa neno, akitafuta mkulima huru alipoteza uhuru wake lini na kwa njia gani.

Swali la darasa zima lilikuwa moja: umwinyi, ule mfumo wa Ulaya wa bwana mwenye ardhi na wakulima walio chini yake, ulizaliwaje? Jibu nalo lilikuwa limeshaandaliwa. Mkulima anapoteza ardhi, bwana anajilimbikizia, matabaka mawili yanasimama. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kuleta ushahidi kutoka pembe aliyopewa. Gurevich akachimba wakulima wa kusini magharibi mwa Uingereza kabla Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, hawajaivamia nchi hiyo, na mwaka 1950 akapata shahada ya kandidati, ile ngazi ya kwanza ya utafiti kwa mtindo wa Kisovieti.

Sasa tazameni huo mwaka. Mwaka mmoja nyuma, 1949, kulipamba moto kampeni dhidi ya wale walioitwa "wakosmopolitani", yaani watu walioshutumiwa kutokuwa waaminifu kwa taifa lao, na wengi waliopigwa nayo walikuwa Wayahudi. Neusykhin mwenyewe alisemwa vikaoni. Gurevich ni Myahudi, ana shahada mbichi mkononi, na Moscow hakuna mlango unaofunguka. Akapata nafasi kwenye taasisi ya ualimu mjini Kalinin, mji ambao tangu 1990 umerudishiwa jina lake la Tver. Ni kama kilomita 170 kutoka Moscow. Alifundisha huko kuanzia 1950 hadi 1966.

Miaka 16. Nataka mliopangiwa vituo vya mbali mnielewe hapa. Huko Kalinin ndiko alikoanza kujifunza lugha ya kale ya Waskandinavia, watu wa Norwe na majirani zake wa kaskazini mwa Ulaya, na huko ndiko Norwe ilikoingia maishani mwake.

Fundi Saa

Mkuu, shukrani kwa uzi. Swali langu: kutoka Uingereza kwa nini arukie Norwe? Nchi ndogo, baridi, na kwa kipindi hicho nadhani hata kwenda kuiona hakuruhusiwa.

Msomaji wa Usiku

Fundi, umegusa penyewe. Vitabu vyake vikuu kuhusu Norwe aliviandika akiwa Urusi. Mialiko ya nchi za Magharibi ilikuja miaka na miaka asiruhusiwe kwenda, mpaka mageuzi ya Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Umoja wa Kisovieti, mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kwa nini Norwe? Sababu ya kwanza, wakulima wa huko hawakugeuzwa kuwa watumwa wa ardhi kama wa Ufaransa au Uingereza. Walibaki huru. Kwa hiyo ile picha ya darasani, ya bwana juu na mkulima aliyefungwa ardhini chini, ilikuwa haikai.

Sababu ya pili ndiyo tamu zaidi. Sheria za kale za Wafranki na Wajerumani wengi ziliandikwa kwa Kilatini. Mkulima alisema jambo kwa lugha ya kwao, karani akaliandika kwa lugha ya Roma, na njiani neno likavaa nguo za watu wengine. Sheria za Norwe ziliandikwa kwa lugha ya Wanorwe wenyewe. Ukisoma neno la ardhi humo, ni neno lile lile alilolitamka baba akimwonyesha mwanawe mpaka. Waliowahi kusoma kumbukumbu za mahakama za kikoloni, shahidi kaeleza kwa lugha yake karani akaandika Kiingereza, wanajua tofauti hiyo ina uzito gani.

Fungu la 2: udongo na kiatu

Alifungua sheria hizo akitafuta bei ya ardhi, ukubwa wa mashamba, nani anamiliki kiasi gani. Akakutana na haya.

Katika sheria ya Gulathing, ya Norwe ya magharibi, ardhi ikihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, udongo unachotwa. Unachotwa kwenye pembe nne za meko. Unachotwa chini ya kiti cha heshima cha mwenye nyumba. Unachotwa pale shamba linapokutana na majani, na pale kilima chenye miti kinapokutana na malisho. Udongo huo unawekwa kwenye pindo la vazi mbele ya mashahidi. Ndipo ardhi imehama.

Kuna nyingine. Mtu ana mtoto wa nje ya ndoa na anataka kumwingiza katika ukoo ili apate haki ya kurithi. Sheria inasema apike pombe na achinje fahali wa miaka mitatu. Ngozi ya mguu wa kulia inachunwa, inashonwa kiatu, kiatu kinawekwa karibu na pipa la pombe. Baba anaingiza mguu kwanza. Kisha yule kijana. Kisha mrithi, kisha ndugu wengine. Kiatu kimoja, mguu baada ya mguu.

Msomi wa mtindo wa zamani angesema hizo ni mila tu, akaruka ukurasa akatafute tarakimu. Gurevich akasimama hapo. Akasema kama sheria yenyewe inatumia nafasi kubwa kueleza meko, kiti na kiatu, basi meko, kiti na kiatu ndiyo sheria. Ardhi ile, waliyoiita *odal*, haikuwa bidhaa iliyolala nje ya mtu. Aliyeidai alitakiwa kuwataja mababu watano waliokuwa nayo, na sheria inazungumza juu ya kuhesabu nyuma mpaka kwenye kilima cha kaburi na zama za upagani. Akitaka kuuza, ndugu ndio wa kwanza kupewa nafasi ya kununua. Ukimnyang'anya mtu odal umemkata jina.

Kutoka hapo ndipo hoja yake kubwa ilipotokea: huwezi kueleza uchumi wa watu hao kabla hujajua wao walidhani mali ni kitu gani.

Kalamu Nyeusi

Nimesoma kwa makini, mkuu, na sitaki kuharibu uzi, lakini nina shaka ya kweli. Hizo ibada za udongo na kiatu zinaweza kuwa pazia. Nyuma ya pazia kuna mwenye ng'ombe mia na mwenye mbuzi wawili. Mwenye njaa hana nafasi ya kufikiria kiti cha heshima. Ile historia ya matabaka angalau iliuliza nani anakula na nani anatoa jasho. Huyu bwana hajatuondoa kwenye swali hilo?

Msomaji wa Usiku

Kalamu, hiyo ndiyo hoja waliyomrushia wakubwa wake, na haikuwa hoja ya kipuuzi. Nakujibu kwa mfano wake mwenyewe.

Mfalme wa Norwe wa zama zile alikula wapi? Alizunguka. Anafika wilaya fulani na watu wake, wakulima wanampokea kwa karamu, anakula na kunywa, anaendelea mbele. Karamu hiyo iliitwa *veizla*. Ukiitazama kwa jicho lako utasema ni kodi, na mwishoni kweli ikawa kodi: mfalme akawagawia watu wake haki ya kula karamu hizo, na mzigo ukabaki kwa mkulima. Gurevich hakuficha hilo. Alichosema ni kwamba ukiiita kodi tangu siku ya kwanza, hutaelewa kwa nini mkulima alikubali. Alimkaribisha mgeni mkubwa mezani kwake, na mezani mgeni na mwenyeji wanapeana heshima na wajibu. Mashairi ya kale ya huko yanasema zawadi daima hutazamia malipo. Kwa hiyo swali la nani anakula limebaki, lakini sasa tunajua chakula kilipitia mlango gani.

Mfano wa pili ni fedha zilizofukiwa. Waskandinavia wa zama za Waviking, wale mabaharia wavamizi wa kaskazini, walifukia fedha nyingi ardhini, zikiwemo dirhamu nyingi za nchi za Kiislamu. Maelezo ya kawaida yalikuwa kwamba walificha wakati wa vita. Gurevich akauliza: mbona nyingi hawakurudi kuzichukua? Mbona nyingine zilitupwa mahali ambapo hazitoki tena, kwenye matope na maji? Kuna simulizi ya Egil wa Iceland, aliyepewa na mfalme wa Uingereza masanduku mawili ya fedha. Uzeeni aliondoka usiku na watumwa wawili na masanduku hayo, asubuhi akarudi peke yake. Hakumwachia mtu fedha hiyo. Gurevich alisema fedha kwao ilibeba bahati ya mwenyewe, na kuifukia ilikuwa kuifungia bahati hiyo isimtoke, hata akifa. Ukiwa na kipimo cha soko peke yake, ufukiaji huo hauna maana kabisa.

Fungu la 3: kupanda na kupigwa

Hapa nitakwenda haraka, maana vyeo havinivutii kama udongo.

Mwaka 1962 alitunukiwa udaktari kwa tasnifu ya historia ya jamii ya Norwe. Mwaka 1966 akatoka Kalinin na kuingia Taasisi ya Falsafa mjini Moscow, kwenye kitengo cha historia ya utamaduni. Mwaka 1969 nafasi hiyo ikamtoka, akahamia Taasisi ya Historia ya Dunia ya Chuo cha Sayansi, na huko ndiko alikobakia.

Mwaka 1970 akatoa kitabu kuhusu chimbuko la umwinyi katika Ulaya Magharibi. Kilikusudiwa wanafunzi wa vyuo. Ndani yake aliyamwaga yote: kwamba mali ya zama zile ilikuwa uhusiano kati ya watu, kwamba zawadi, karamu na heshima ni sehemu ya uchumi, kwamba ile ramani ya darasani haitoshi. Kilijadiliwa Chuo Kikuu cha Moscow, kule kule aliposomea, na kikashambuliwa vikali. Wizara nayo ikakiondolea hadhi ya kitabu cha kufundishia.

Fikirini hali hiyo. Una miaka 46, umefundisha mkoani miaka 16, unaandika kitabu cha kwanza cha kuwapa wanafunzi wote wa nchi ulichokigundua, na kinafungiwa mlango na watu wa idara iliyokulea.

Miaka miwili baadaye, 1972, akatoa kile nilichokiazima mimi bwenini, kuhusu dhana kuu za utamaduni wa Zama za Kati. Ni hoja zile zile, ila safari hii zilitolewa na shirika la uchapishaji la mambo ya sanaa, na kilisomwa hata na watu wasio wanahistoria. Kilitafsiriwa lugha nyingi. Toleo la Kifaransa la 1983 liliandikiwa utangulizi na Georges Duby, mmoja wa wanahistoria wakubwa wa Zama za Kati nchini kwake.

Fundi Saa

Hicho kitabu kinasema nini hasa kuhusu wakati? Mimi ni fundi saa, hilo ndilo linalonihusu.

Msomaji wa Usiku

Fundi, umeniuliza sehemu niipendayo kuliko zote. Anaeleza kwamba kabla ya saa za minara, Ulaya iligawa mchana katika saa 12 na usiku saa 12, kuanzia jua linapochomoza. Saa ya sita ni adhuhuri. Kwa Kilatini ni *sexta*, na ndipo Wahispania walipopata jina la usingizi wao wa mchana.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu kwa furaha. Darasani Moscow nilikuwa nachanganyikiwa kila siku: wao saa 12 ni mchana kati, mimi kichwani ni saa sita. Kumbe hesabu ninayotembea nayo kutoka nyumbani wao pia walikuwa nayo, wakaiacha.

Fundi Saa

Basi niongeze jambo la kifundi. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo saa zetu zinatosha vizuri. Huko Norwe ukigawa mchana wa Juni mara 12, kila saa inarefuka kuliko saa ya Desemba karibu mara tatu. Hakuna mashine ya kawaida itakayofuata hilo. Ndiyo kusema saa ya mnara ilipokuja, ilibidi saa zote zilinganishwe urefu, na watu waufuate mtambo.

Msomaji wa Usiku

Ndivyo ilivyokuwa. Na aliyekuwa na haja na saa zilizolingana ni mji: mfanyabiashara na mwenye kuajiri. Mkulima aliendelea na jua na kengele ya kanisa.

Fungu la 4: wasioandika

Baada ya 1972 akageukia tatizo jingine. Karibu kila kitu tulicho nacho cha Zama za Kati kiliandikwa na makasisi na watawa. Wakulima, ambao ndio walikuwa wengi kupita kiasi, hawakujua kuandika. Aliwaita walio wengi wasio na sauti, na kitabu chake cha mwaka 1990 kilibeba jina hilo. Utawasikiaje?

Alikwenda kwenye maandishi ambayo kasisi alilazimika kuyashusha mpaka mlangoni kwa mkulima. Mahubiri. Hadithi fupi za kutia mahubiri ladha. Na vitabu vya kuungamishia, ambavyo ni orodha ya maswali ya kumuuliza mwenye dhambi. Askofu Burchard wa Worms, mwanzoni mwa karne ya 11, anamfundisha kasisi aulize: je, umetengeneza pinde ndogo za kitoto na viatu vya kitoto ukavitupa ghalani, ili vibwengo wachezee, wakuletee mali za wengine? Kasisi haulizi swali kama hilo kwa kubuni. Anauliza kwa sababu kijijini linafanyika. Kupitia mdomo wa anayelikataza, tunaiona ghala, tunaviona viatu vidogo.

Kuna kisa kingine kutoka kwa mtawa Caesarius wa Heisterbach. Abati, mkuu wa watawa, anahubiri, watawa wanasinzia, wengine wanakoroma. Ghafla anasema: "Sikilizeni, ndugu, kulikuwa na mfalme aliyeitwa Arthur." Wote macho! Akawakemea: nikisema ya Mungu mnalala, nikianza upuuzi mnaamka. Mtoa mahubiri alijua masikio ya watu wake yanataka nini, na alichokijua yeye, leo tunakijua sisi.

Hapa aligongana kwa heshima na mwenzake maarufu, Mikhail Bakhtin, mhakiki wa fasihi wa Kirusi, aliyewasifu watu wa kawaida wa zama zile kwa kicheko chao cha sherehe za barabarani kilichopingana na ukali wa kanisa. Gurevich alikubali kicheko kipo. Akasema lakini katika hadithi hizi kicheko na hofu ya jehanamu vinakaa ndani ya mtu mmoja, saa moja, na hata kasisi anavyo vyote viwili. Mimi niko na Gurevich katika hili. Nimekaa misibani vya kutosha.

Mwalimu wa Kusini

Mzee, hii ya kuwasikia wasioandika imenigusa. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kwao kukusanya masimulizi ya wazee walioiona Maji Maji. Wao angalau waliwakuta watu wenyewe. Huyu hakuwa na mzee wa kumhoji, na bado hakukata tamaa.

Msomaji wa Usiku

Mwalimu, umenena, na ni miaka ile ile. Yeye shahidi wake amekufa miaka 900 iliyopita. Ndiyo maana alisikiliza maswali ya kasisi kama mtu anayesikiliza upande mmoja wa simu.

Nimalizie maisha yake. Mageuzi yalipokuja milango ikafunguka. Alianzisha jarida la *Odyssey*, toleo la kwanza 1989, lililowaweka wanahistoria, wanaisimu na wanafalsafa meza moja. Alisafiri hatimaye, akafundisha. Na kwenye miaka ya 1990 macho yakamfia. Mtu aliyeishi kwa kusoma maandishi ya kale akawa anasomewa na wengine. Hakusimama. Aliendelea kuandika kwa kutamka, mtu akiandika, na kumbukumbu zake za maisha ya mwanahistoria zikatoka mwaka 2004, na baada yake kitabu kuhusu mtu binafsi na jamii katika Zama za Kati. Swali lile lile la Kalinin: mtu wa zamani alijiona kuwa nani?

Binti Kihamba

Shikamoo mzee. Nimesoma uzi mzima, nimerudia fungu la udongo mara mbili.

Kwetu ni Kilimanjaro. Mwaka jana ukoo ulitaka kihamba, shamba letu la urithi, kipimwe ili kipate hati. Mpimaji akaja na vifaa vyake, akamwomba bibi, mama yake baba, aonyeshe mipaka. Bibi hakumjibu kwa hatua. Alitembea polepole kutoka sale moja, ule mmea wa kuwekea mipaka, hadi jingine, na kila sale akasema nani alilipanda. Hili la babu mkwe wake. Hili lilipandwa siku ya kusuluhisha ugomvi na jirani. Hapa katikati ya migomba amelala fulani, msikanyage. Mpimaji alisubiri kwa adabu lakini hakuandika kitu, akasema, "Bibi, nahitaji kona tu."

Hati imetoka, ina kona nne na namba. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya bibi na simu, nikarekodi sauti. Dakika 41. Sikujua nifanye nayo nini.

Msomaji wa Usiku

Marahaba, mwanangu. Iandike yote kwa Kichaga chake, neno kwa neno, kabla hujaitafsiri. Halafu rudi kwake na maandishi, umsomee, umuulize sale lipi umelikosea.